Daftari la Jusabu Kadia

Katibu Bwire kanipa juma moja:
dirisha la mawe ling'oke, ije alumini na kioo cha bluu.
"Nyamizi, hili linafuga vumbi na vijidudu vya ziwa."
Na kweli, asubuhi hiyo vilikuwa vimelala ndani ya matundu
kama kahawa iliyomwagika.

Nikapanda ngazi, patasi kiunoni.
Nikalikumbuka daftari.

Babu Lushinge alilificha ndani ya debe la mbegu za pamba,
daftari la bosi wake, Jusabu Kadia, mwashi wa Kachi,
aliyeshuka Mwanza kwa reli mwaka pamba ilipopanda bei
na jamaa zake wakataka msikiti kabla ya Ramadhani.
Mchwa wamekula pembe za kurasa. Penseli bado inasema.

Ukurasa wa Delhi: matao ya mwanzo.
Walioyajenga hawakujua kupinda tao,
waliagizwa umbo, hawakupewa siri;
basi wakasogeza jiwe juu ya jiwe, kidogo, kidogo tena,
mpaka kuta mbili zikashikana mikono hewani.
Pembeni, mwandiko wa Babu:
*Kama mawe ya kwetu. Yamebebana tu.*

Jaunpur: lango limesimama kwa kiburi,
pana chini, jembamba juu,
limeificha kuba yake lenyewe nyuma ya mgongo.
Ukiwa uani huioni. Unaambiwa ipo.
(Utotoni nilicheka. Siku hizi
naijua imani ya namna hiyo.)

Bengali hakuna mawe. Kuna matope,
na mvua isiyobisha hodi.
Wakachoma tofali, wakalitia maua lingali bichi,
paa wakaliinamisha mabega
kama nyumba za mianzi za wakulima,
maji yateleze yaende zake.
Hapo Babu hakuandika neno. Alichora msonge.

Kashmiri, gogo juu ya gogo, ncha ndefu badala ya kuba.
Ukurasa huo una doa la chai.

Halafu Gujarati, karibu na kwao,
karatasi imelegea kwa kushikwashikwa:
dirisha la jiwe lililotobolewa mti mzima,
matawi yakisukana hadi mwanga unapotea njia.
Chini yake: *Mwenye msikiti huu alikuwa Mhabeshi.*
Maneno hayo yamepigiwa mstari mara mbili.
Sijui aliyeupiga ni bosi au kibarua.

Nimefika juu. Napangusa vijidudu kwa brashi ya rangi.
Maisha yangu yote nilidhani haya ni maua ya Kachi.
Si maua.
Ni wavu. Jicho kwa jicho, fundo kwa fundo,
katika itale, jiwe linalovunja patasi kama njiti;
na kona ya chini kushoto, ambako kamati haijawahi kuinama,
wavu umechanika
na furu mmoja, mdogo kuliko kidole, anatoka.

Sanamu ya kiumbe, msikitini!
Kadia aliiona? Lazima aliiona.
Timazi yake haikukosa unywele.
Aliiona, akanyamaza, akamlipa Babu ujira wa siku hiyo,
labda akarudi nyumbani akacheka peke yake
kwa lugha ambayo Mwanza nzima hakuwa na wa kumwelewa akicheka hivyo.

Kwao husali wakielekea machweo.
Hapa aligeuza ramani, kibla kikavuka ziwa,
na kati ya uso wa mwenye kusali na maji yale
akaacha mkono wa kibarua wa Kisukuma
utoboe unachokijua.

Chini, Katibu anagonga ngazi. "Limelegea?"

Naweka kidole kwenye mkia wa samaki.
Kuna baridi ya usiku bado humo.

"Bado, Katibu. Hili jiwe gumu.
Niongezee juma."